Sifa za Balbu Inayokonyeza

Washairi wameusifu mwezi, wakasifu mshumaa na kandili mpaka maneno yakawaishia. Hakuna aliyeigusa balbu ya LED iliyozamishwa kwenye dari ya jipsamu, ikafungiwa dima isiyopatana nayo, yaani swichi ya kupunguza mwanga, ikawa inaikonyeza sebule nzima tangu magharibi mpaka watu walale. Leo nayo ipewe haki yake.

Si ya ukoo mnyonge. Nuru yake nyeupe ina asili katika LED ya buluu, kazi iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Dima nayo ina wenyewe: ile ya kielektroniki aliibuni Joel Spira, Mmarekani, mwaka 1959, enzi ambayo balbu ya nyumbani ilikuwa ya waya wa moto, inakula wati 60 au 100 bila haya. Wakubwa hawa wawili, balbu na dima, wamekutanishwa juu ya kochi lako na muuza duka wa Kariakoo, kwa maneno matatu tu: “Zinaendana hizi, bosi.”

Haziendani, na utamu unaanzia hapo. Umeme wetu wa volti 230 huja kwa mawimbi, nusu-wimbi 100 kila sekunde. Dima ya kizamani hukata kichwa cha kila nusu-wimbi, kisha huachia mkondo upite. Lakini ili iendelee kuachia, lazima mkondo wenyewe uwe wa kutosha, ndiyo maana nyingi huandikwa kitu kama wati 40 hadi 400. Sasa piga hesabu ya taa sita za wati 5: ni 30. Dima inaachia, inakata kabla ya wakati, inajaribu tena, na balbu inatangaza kila tukio hadharani. Balbu ya kale ingekuficha hayo. Waya wake ulibaki na moto kati ya wimbi na wimbi, ukadhani mambo ni shwari. Hii haijui unafiki.

Ina msimamo pia. Ukianza kupunguza mwanga, unazungusha weee bila badiliko lolote, halafu mwanga unafifia kidogo, halafu giza. Jaribu kuiwasha ikiwa imepunguzwa kabisa: haiwaki. Inataka kwanza ipandishwe cheo, ndipo ikubali kushuka. Na rangi haibadili. Ya kale ikipunguzwa iligeuka rangi ya asali na kila uso mezani ukapendeza. Hii, kama ulinunua nyeupe ya hospitali, hata ikififia inabaki nyeupe ya hospitali, na chakula cha usiku cha wapendanao kinakuwa kama zamu ya usiku wodini.

Ina kipaji cha sauti: koili na kapasita za ndani zikitikiswa na mawimbi yaliyokatwa, hutoa mvumo mwembamba ambao huusikii mchana, bali saa ile nyumba imetulia na wewe unatafuta usingizi. Tena ni mlinzi. Zima swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo gizani: kiasi kidogo cha mkondo kinavuja humo, na balbu hii, ambayo haijawahi kuwa mlafi, inatosheka nacho. Inawaka kama jicho la paka, au inapiga mweko mmoja kila baada ya muda. Umezima, yenyewe iko kazini.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ya kiuchumi. Fundi anaitwa. Analaumu balbu, kisha dima, kisha umeme wenyewe, kisha shemeji yako aliyepitisha nyaya. Hakuna anayesoma boksi, ambako kwa herufi za ukubwa wa chawa imeandikwa kwamba balbu hiyo haifai kwa dima. Mwishowe mwenye busara mmoja anashauri itolewe LED moja, pachomekwe balbu ya kale ya wati 60. Na kweli, mzigo umeongezeka, dima imeridhika, kukonyeza kumekoma. Familia iliyonunua LED ili uniti za umeme za LUKU zidumu sasa inachoma wati 60 kuzibembeleza 25 za LED zilizobaki. Mchumi gani angekufundisha hayo sebuleni kwako, bila ada? Isitoshe, balbu hiyo ya kale, ikiwa imefungiwa kwenye tundu la dari lisilopitisha hewa, inajitahidi pia kuioka jipsamu.

Wapo, najua, wasioonja raha hii. Hao hununua balbu iliyoandikwa kwamba inakubali dima, zote za aina moja, kisha wakatafuta dima ya LED inayokata mkia wa wimbi badala ya kichwa, yenye kima cha chini cha wati chache. Hufungua orodha ya mtengenezaji wa balbu waone ni dima zipi amezijaribu. Wengine huthubutu hata kufunga balbu moja kwanza, waitazame jioni mbili tatu, ndipo wanunue zilizobaki. Na dima ikiwa na skrubu ya kurekebisha mwanga wa chini kabisa, fundi wao anaikaza mpaka taa iwake bila kusita. Ukiwatembelea, mwenyeji anazungusha, mwanga unashuka taratibu, hakuna anayeinua uso kutazama juu, na maongezi yanaendelea na bei ya saruji.