Mambo 7 ya Kulinda Akili ya Mzee, Tukihesabu kutoka Mwadingusha

Kituo cha umeme cha Mwadingusha, huku Katanga nchini Kongo, kilianza kazi mwaka 1930 kwa nguvu ya maji ya mto Lufira. Kilipochoka kilikarabatiwa, na mwaka 2021 mitambo yake sita ikaweza tena kutoa megawati 78. Ubongo haubadilishiwi mtambo, lakini unatunzika. Jopo la jarida la tiba la The Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani, yaani ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Hakuna lenye ahadi ya uhakika, na aliyeugua hakujitakia. Ila mengi yako mikononi mwetu. Haya, tuhesabu kurudi nyuma.

7. Vaa kofia ya pikipiki. Majeraha ya kichwa yamo katika yale 14. Ukipanda pikipiki kwenda Likasi, kofia ngumu ikae kichwani. Ikining'inia kwenye usukani, inalinda usukani.

6. Pimwa masikio na macho. Umemuuliza baba jina lake akajibu "ndiyo"? Usiseme amechanganyikiwa, huenda hakusikia. Kutosikia vizuri ni kati ya mambo yenye uzito mkubwa zaidi katika orodha ile. Kwa hiyo anayefanya kazi kwenye mitambo au mashine ya kusaga azibe masikio, na mwenye mtoto wa jicho apelekwe kwa daktari. Mtu asiyeona wala kusikia hujitoa barazani polepole.

5. Angalia chungu na glasi. Bukari iwe na rafiki: lengalenga, sombe, maharagwe. Chumvi ipungue, sigara iondoke. Na wewe unayekunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ili usahau shida, shida zako zinakukumbuka vizuri sana.

4. Pima presha na sukari. Chaji ya simu unaikagua kutwa nzima. Presha umeikagua lini? Inaharibu mishipa ya ubongo kimyakimya, na umri wa miaka 40 na kitu ndio wakati wa kuidhibiti. Ukiandikiwa dawa, meza hata siku unapojisikia mzima. Hasa siku hiyo.

3. Miguu isilale. Anayerudi shambani na jembe begani hahitaji somo la mazoezi. Aliyestaafu ndiye wa kuamshwa: atembee hadi kwa jirani, achote habari arudi nazo. Au acheze rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021. Miguu inafanya kazi, akili inakumbuka hatua, na mwenzi yuko mkononi. Dawa gani ina vitu vitatu kwa bei hiyo?

2. Ipe akili kazi. Toa ubao wa kisolo, ule mchezo wa mashimo, hesabu mbegu. Mjukuu akifungwa na bibi, asilie. Aombe mchezo wa pili. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, kibao cha shanga ambacho watu wa chama cha Mbudye walikipapasa kwa vidole wakisimulia historia ya wafalme. Nasi tunaweza kumwomba mzee atupangie ukoo, jina kwa jina, tukiandika.

1. Kaa naye. Hili ndilo la kwanza, kwa sababu linafaa kabla ya ugonjwa na baada yake. Wilayani Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, wazee wenye dimenshia walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 ndani ya wiki saba, wakizungumza na kufanya shughuli za kuamsha akili. Uwezo wao wa kufikiri ulipanda na wasiwasi ukapungua.

Sasa linganisha na tunachofanya sisi. Mama anasahau chungu motoni, anatoka usiku, anamwita mjukuu kwa jina la marehemu. Mtu ananong'ona, "mchawi". Jamani, huyo ni mgonjwa! Kumtenga ni kumnyima hasa kile kinachomsaidia. Mpeleke kituo cha afya. Nyumbani mpe lengalenga achambue, hata akichukua saa nzima. Imba naye wimbo wa kanisani anaoujua. Akirudia hadithi ile ile mara ya tano, sikiliza: wewe mwenyewe zile nne hukusikiliza vizuri.