Barua kwa Shangazi: Koti la Sufu Katikati ya Kaskazi

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, nafanya kazi ofisini Posta, kabati langu halifungiki, na bado kila asubuhi nasimama mbele yake sina cha kuvaa. Desemba nilikwenda soko la mitumba la Karume nikatoka na makoti matatu ya sufu, mazuri mno, maana kila ninayemfuata Instagram alikuwa ndani ya koti. Sasa ni Februari. Makoti yamelala ndani ya shangazi kaja juu ya kabati (unisamehe kwa jina). Je, nimerogwa? – Mwenye Makoti, Tabata

Marahaba mwanangu. Wachawi wana kazi nyingine. Wewe umenunua nguo kwa majira ya watu wengine. Desemba, wanaopigwa picha London na New York wako kwenye baridi, kwa hiyo duka, gazeti na simu vyote vinaonyesha makoti. Mwezi huohuo Dar es Salaam upepo wa kaskazi umeshaanza, na ikifika Januari na Februari joto la mchana linacheza kwenye nyuzi 32, tena lenye unyevu wa bahari unaofanya jasho ligome kukauka. Mitumba nayo haina hiana: inakuja kama ilivyovuliwa huko ilikotoka, na huko mwaka una miezi mingi ya baridi. Ndiyo maana belo likifunguliwa hutoka makoti, sweta na suruali nzito ambazo kwa mkazi wa Tabata kazi yake ni kunenepesha nondo. Mwaka wetu unakwenda kwa kaskazi, masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, kisha vuli. Na hata hapo nchi si moja. Usiku wa Julai Dar joto hushuka hadi karibu nyuzi 19 na watu wakavaa sweta kwa madaha, ilhali Mbeya na Njombe usiku huohuo uko chini ya nyuzi 10 na sweta si madaha tena. Ongeza majira ya pili, yale ya harusi, mahafali, Krismasi na Idi. Idi yenyewe hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo nguo iliyoshonwa kwa Idi ya masika itajikuta, baada ya miaka michache, inavaliwa kwenye jua la kaskazi.

Ushauri wangu, na nitaurudia hadi mnichoke, ni huu: nunua kile ambacho kiwanda hukifanya vizuri kuliko mkono wa nyumbani, na shona kile ambacho mwili wako na hewa yako vinakijua kuliko kiwanda. Koti la suti ni mfano mzuri wa upande wa kwanza. Ndani yake kuna mambo usiyoyaona: kitambaa kigumu cha kifuani, pedi za mabega, bitana, kola iliyokunjwa kwa mvuke ikakubali kukaa. Kulishona sawasawa ni kazi ya siku nyingi kwa fundi aliyebobea, na wewe mwenye cherehani ya mezani utaishia na kitu kinachofanana na koti kwa mbali, taa zikiwa zimezimwa. Jinzi ni hivyohivyo. Pale mishono inapokutana kunakuwa na tabaka nyingi za kitambaa kigumu, na sindano ya kawaida huvunjika. Sweta hufumwa kwa mashine. Sidiria sina haja ya kueleza. Hivi nunua, vya mtumba au vya dukani, na uvinunue wakati hakuna anayevitazama. Makoti yako matatu ungeyanunua kwa safari ya Njombe, tena moja, ningekupigia makofi.

Ila ukinunua, nunua kwa mabega. Watu wengi hujaribu nguo kwa kutazama kiuno, na kiuno ndicho sehemu rahisi kuliko zote kurekebisha: mshono wa pembeni unafumuliwa, unasogezwa ndani, kwisha. Bega likishapitiliza, fundi inabidi atoe mkono mzima, apunguze bega, kisha aurudishe mkono kwenye tundu lililobadilika ukubwa, na mara nyingi matokeo yake ni makunyanzi. Kisha geuza nguo ndani nje palepale mezani, muuzaji akununie akipenda. Tazama kwapa, tazama kati ya mapaja, inyanyue nguo kwenye mwanga uone palipochakaa, pandisha na kushusha zipu. Tazama pia kitambaa kilichobaki nje ya mshono. Kikiwa kipana, nguo inaweza hata kuongezwa, kikiwa chembamba kama kamba ya kiatu, ilivyo ndivyo itakavyobaki.

Upande wa pili ni magauni, sketi, suruali za kitambaa chepesi, mashati yasiyobana. Hivi duka halivijui. Nguo za tayari hukatwa kwa vipimo vya wastani, na wastani huo aghalabu umepimwa kwa watu wa mbali, kwa hiyo mwenye kiuno chembamba na nyonga pana huchagua moja: nguo imbane chini au imwagike juu. Anayejishonea hachagui. Anashona kwapa pana hewa ipite, anachagua pamba badala ya nailoni, na kwa masika anaishusha sketi hadi katikati ya muundi badala ya kuiburuza kwenye tope la Kigogo. Watu wa pwani waliligundua hili zamani. Kanzu na dera havikuachwa vipwaye kwa uvivu wa kupima.

Shangazi, mbona unatupoteza? Yadi za kitenge, uzi, zipu, bitana na ufundi, nikijumlisha napata magauni manne ya mtumba na chenji ya daladala. Kushona ni anasa. – Mchumi, Ubungo

Mchumi, hesabu yako ni sahihi ila umeisimamisha kituo kimoja kabla ya kufika. Bei ya nguo haiishii siku ya kulipa. Igawanye kwa mara utakazoivaa. Tuseme gauni la kushona limekugharimu shilingi 60,000 na umelivaa mara 30 kwa sababu linakukaa: kila uvaaji ni shilingi 2,000. Gauni la mtumba la 15,000 ambalo umelivaa mara mbili, halafu ukagundua linakupanda ukikaa kwenye daladala, limekula 7,500 kila ulipotoka nalo. Manne ya namna hiyo ni 60,000 ileile, na kabati limejaa. Nakukubalia jambo moja: hesabu hii inageuka dhidi yangu pale nguo ya kushona inapovaliwa mara moja. Sare za harusi ndizo zinazoongoza kwa hasara. Mtu ana vitenge saba vya kamati saba, vyote vimekatwa kwa mshono wa mwaka ule, wenye mikono kama mabawa, na hakuna hata kimoja kinachofaa ofisini Jumatatu. Ukipewa kitambaa cha sare, kishone kwa vipande viwili, blauzi na sketi, ili wiki inayofuata sketi iende kazini na shati jeupe la dukani. Hapo ndipo kununua na kushona vinapokutana mwili mmoja, na kwa macho yangu ndipo mtu anapopendeza kuliko yule aliyevaa kitenge kuanzia kilemba hadi mkoba.

Tena mtumba wenyewe ni kitambaa, Mchumi. Shati la mwanaume la kitani, saizi kubwa ambayo hakuna anayeigusa, lina mgongo mpana unaotosha gauni la mtoto, na vifungo vipo tayari. Mashuka ya pamba na mapazia yanauzwa kwenye mabelo hayohayo, na shuka la kitanda kikubwa lina kitambaa kingi kuliko watu wanavyofikiri. Anayejua kushona huingia sokoni akiona vitu viwili kwenye kila nguo: ilivyo, na inavyoweza kuwa. Asiyejua huona kimoja, na ndicho anacholipia.

Shangazi, mke wangu alinunua cherehani mwaka jana kwa ahadi kwamba tutaokoa pesa. Hadi leo inabeba televisheni. Nimwambieje? – Mvumilivu, Kimara

Mwambie televisheni ihamie ukutani, kisha baba ununue wewe yadi 3 za pamba. Wanaoacha cherehani wengi walianza na gauni la harusi lililoonekana kwenye simu, lenye lasi na mgongo wazi. Aanze na sketi ya mpira kiunoni, ambayo ni mstatili tu, au mfuko wa mto. Na kabla ya kukata, kitambaa kifuliwe. Hili halina mjadala. Pamba ambayo haijapita majini inaweza kusinyaa asilimia 5. Kwenye kiuno cha inchi 30 hiyo ni inchi moja na nusu, yaani tofauti kati ya sketi na hirizi. Kikikauka kipigwe pasi, kisha akitandaze sakafuni aangalie uzi unavyokwenda, kwa maana kitambaa kilichokatwa upande kinapinda chenyewe kikifuliwa, na mshono wa pembeni unahamia mbele ya goti. Kama muuzaji aliapa kwamba ni pamba tupu, mkeo achomoe uzi mmoja auchome kwa kiberiti, mbali na pazia. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Sisemi poliesta itupwe. Mwezi wa Aprili, nguo zinapokaa kambani siku mbili bila kukauka, kitambaa cha pamba iliyochanganywa na poliesta ndicho kitakachovalika kesho yake asubuhi. Kibaya ni kuuziwa hicho kwa bei ya pamba halafu ukakivaa Februari. Pateni ya kukatia asinunue. Achukue gauni lake chakavu analolipenda, alifumue vipande vyote, avilaze juu ya karatasi ya kaki, achore, aongeze nafasi ya mshono. Tayari ana vipimo ambavyo duka lolote halina.

Shangazi, nimesikitika kuona unahubiri mitumba. Mitumba imeua viwanda vyetu. Mzalendo avae cha nyumbani. – Mwananchi, Mwanza

Mwananchi, hoja yako ni nzito kuliko zote zilizofika mezani, kwa hiyo sitaipita juujuu. Ni kweli kwamba kiwanda cha ndani hakiwezi kushindana na shati ambalo mwenye nalo wa kwanza alilitoa bure. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya kuingia kwake bila ushuru chini ya AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika. Majirani, sisi tukiwamo, walirudi nyuma. Lakini tazama tunachokiita cha nyumbani. Vitenge vingi vinavyotundikwa Kariakoo vimetoka China na India. Sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga huuzwa nje kabla haijasokotwa hata uzi mmoja. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mitumba si sababu pekee ya viwanda kama hicho kudhoofika. Umeme, mashine kuukuu na vitambaa vya nje vya bei ya chini navyo vilikuwapo.

Kwa hiyo anayekataa mtumba akakimbilia gauni jipya la plastiki kutoka nje hajamlisha mkulima wa Bariadi wala mfumaji yeyote. Amebadilisha bandari tu. Mgawanyo ninaoutetea unafanya zaidi kwa nchi kuliko anavyodhani mzalendo. Koti moja na jinzi mbili za mtumba zinazodumu miaka zinakuachia pesa ya kitambaa, na ukipata kanga au kitenge kilichofumwa hapa kwa pamba ya hapa, kinunue hata kikizidi bei kidogo. Ujira wa kukishona unabaki mtaani kwako, kwa fundi mwenye cherehani barazani, au nyumbani kwako mwenyewe. Pale ambapo viwanda vitaweza kutoa jinzi nzuri kwa bei ya mfanyakazi wa kawaida, nitakuwa wa kwanza kubadilisha ushauri. Hadi hapo, kumwambia mwalimu mwenye watoto wanne anayeishi kwa mshahara mmoja asiguse mtumba ni uzalendo unaolipiwa na mwingine.

Shangazi, harusi ya dada ni Jumamosi ijayo. Kitenge cha sare nimekabidhiwa leo, fundi ameniambia nijie nguo Ijumaa. Nimwamini? – Matumaini, Mbagala

Hapana, mwanangu. Kitambaa cha Krismasi hupelekwa kwa fundi Oktoba, cha Idi hupelekwa kabla mfungo haujaanza, na cha harusi hupelekwa mapema kiasi kwamba ukikuta kwapa linabana bado una siku ya kurudi. Kwa Jumamosi hii kata kitenge chako vipande viwili, pinda ncha kwa mkono, kimoja ujifunge kiunoni na kingine upige kilemba, juu uvae blauzi nyeupe ya dukani iliyopigwa pasi; utapendeza kuliko waliobanwa. Fundi naye usimlaumu kwa uongo. Alikwambia Ijumaa na alimaanisha Ijumaa, ila hakutaja ya mwezi gani.