Samaki wa Posa na Mashine ya Baba Mdogo

Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, mgeni hapotei. Avenyu zetu zilipangwa kwa namba tangu enzi za Wabelgiji, zimenyooka, na ukimwelekeza mtu avenyu na rangi ya mlango atafika hata usiku umeme ukiwa umekatika. Nadhani ndiyo sababu hakuna mtu nyumbani aliyewahi kufikiria kwamba njia inaweza kutafutwa ndani ya kompyuta, mpaka Baba Mdogo aliporudi kutoka Ubelgiji na laptopu nzito, kipokezi kidogo cha GPS chenye waya, na programu ya kupanga safari inayozungumza Kifaransa.

Alirudi wakati mzuri. Kaka yangu alikuwa amepata mchumba Gitega, na Bibi alikuwa ameshaamua kwamba posa haiendi mikono mitupu. Watu wa milimani wana maziwa, wana viazi, wana ndizi. Sisi tuna ziwa. Akaagiza mukeke, samaki wabichi wakubwa, wavuliwe usiku na wapakiwe alfajiri kwenye sanduku la barafu. Tangu hapo safari ikawa na saa yake, maana barafu haimsubiri mtu.

Usiku wa kuamkia safari, Baba Mdogo alifungua mashine yake mezani. Kipokezi hakikuona kitu. Alibadilisha tundu la USB, akazima, akawasha, hola. Binamu yangu anayesoma chuo kikuu ndiye aliyekumbuka paa. Mawimbi ya setilaiti yanatoka kimo cha kilomita 20,200 hivi, na yakifika ardhini yamekuwa hafifu mno. Mabati yanatosha kuyazuia. Basi kipokezi kikapelekwa uani, kikawekwa juu ya pipa la maji, na waya ukapitishwa dirishani. Watoto wote wakatoka kulinda. Kipokezi kilichokaa muda mrefu bila kutumika kinapaswa kwanza kujua setilaiti ziko wapi, na orodha nzima ya mahali zilipo inachukua dakika 12 na nusu kupokewa. Kisha kinahitaji kusikia nne kwa pamoja ndipo kiseme kiko wapi na kwa kimo gani.

Tukisubiri, Baba Mdogo alitusimulia kwamba mfumo huo wa GPS ni wa jeshi la Marekani. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Wasovieti, nao wakaiangusha. Baada ya msiba huo Rais Reagan akaahidi kwamba raia nao watautumia. Hata hivyo mawimbi ya raia yaliendelea kuharibiwa kidogo kwa makusudi, kipokezi kikikosea hata mita 100, mpaka Rais Clinton alipoamuru jambo hilo likome mwezi Mei 2000.

"Na sisi tunawalipa nini?" Bibi aliuliza.

"Hakuna malipo, Mama. Ni bure kwa kila mtu."

"Basi Mungu awalipe," akasema Bibi, naye alimaanisha.

Alama nyekundu ilipotokea hatimaye, ilitokea katikati ya weupe mtupu. Programu ilikuwa ya Ulaya. Ilijua kila kichochoro kati ya Brussels na Liège, lakini kwetu haikuwa na mto wala barabara wala jina. Baba Mdogo hakukata tamaa. Alikuwa na diski ya ramani ya Afrika aliyoinakili kwa rafiki. Akaipakia, na jiji letu likajitokeza: Rohero, Bwiza, Nyakabiga, mto Ntahangwa, ukingo wa ziwa. Nusu ya avenyu za Buyenzi hazikuwemo. Soko kuu lilikuwemo, tena limeandikwa kwa herufi nene.

Hapo meza nzima ilinyamaza. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013. Shangazi alikuwa na meza ya vitenge mle ndani, na asubuhi ile hakuokoa hata jora moja. Aliliangalia lile jina kwenye skrini kwa muda mrefu.

"Ramani hii ni ya kabla ya moto," akasema.

Neno lake lilikuwa na uzito ambao hatukuutambua usiku ule. Ramani ina tarehe, hata kama haikuandikwa popote.

Alfajiri, mukeke wakiwa tayari ndani ya barafu, dereva wa Hiace alikuja na habari. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha, na udongo ulikuwa umeporomoka kwenye kona za barabara ya Bugarama. Malori yamesimama mstari mrefu. Kila mtu hapa anaijua barabara hiyo. Inaanza kando ya ziwa, kimo cha mita 770 na kidogo, na ndani ya kilomita 35 hivi imeshapita mita 2,000. Vijana wa baiskeli hupanda huku wamejishikiza nyuma ya malori na kushuka na mikungu ya ndizi kwa mwendo wa kutisha. Barabara hiyo ikifunga, Gitega, ambayo kwa kawaida ni kilomita 100 hivi, inakuwa mbali.

"Tupite Musaga, Ijenda, Mwaro," alisema Bibi. "Ni mbali lakini gari litafika."

Baba Mdogo aliiamuru mashine ikwepe barabara ya Bugarama na kutafuta njia fupi kuliko zote. Ikatoa mstari mwembamba uliopanda vilima vilivyo juu ya jiji, upande wa Isale, ukavuka na kutokea ng'ambo kwenye barabara ya Muramvya. Ulikuwa mfupi sana kuliko njia ya Ijenda. Na hapa niseme wazi kwamba Baba Mdogo hakuchagua kwa majivuno. Esansi ilikuwa adimu mjini. Dereva alikuwa amelala kwenye foleni ili kujaza tangi, na bidoni ya akiba haikuwa imejaa. Yeye mwenyewe aliutazama ule mstari akasema tujaribu. Bibi alifunga kanga yake kiunoni na kupanda garini bila neno.

Laptopu ilikaa mapajani mwa Baba Mdogo, ikipata umeme kutoka tundu la kuwashia sigara. Jua lilipochomoza skrini haikusomeka tena, basi Mama akamfunika kwa kanga, kichwa na mashine pamoja, na kutoka chini ya kanga sauti ya Kifaransa ikawa inatuambia tupinde kulia, tuendelee moja kwa moja. Kwa saa nzima ilisema kweli. Ilijua tulipo kwa mita chache tu. Kila kona tuliyoiona kwa macho, nayo ilikuwa imeiona. Hata Bibi alianza kuitikia.

Kisha barabara ikawa nyembamba. Migomba ilianza kugusa vioo pande zote mbili. Tope likawa jekundu, na gari likawa linateleza upande wa bonde. Mwisho tukafika kwenye kijito, na daraja lake lilikuwa magogo matatu yaliyolazwa sambamba. Vijana wawili waliokuwa wakisukuma baiskeli za ndizi walisimama, wakatuamkia "Amahoro", wakatuuliza kwa upole tunakwenda wapi na gari. Sauti ya Kifaransa ilisema tuendelee moja kwa moja.

Binamu alinieleza baadaye kilichotokea, nami nimekielewa vizuri. Programu za njia zinasimama juu ya hesabu iliyobuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956 na kuchapishwa 1959. Kila njia panda ni nukta, kila kipande cha barabara kati ya nukta mbili kina bei yake, na mashine hutafuta jumla iliyo ndogo. Hesabu hiyo haina kosa. Lakini bei inawekwa na aliyechora ramani. Mtu aliyekaa mbali sana akiona mstari kwenye picha ya angani na kuuandika kuwa barabara ya magari, mashine itaupenda kila siku kwa kuwa ni mfupi. Kipokezi kinajua ulipo. Hakijui tope, wala hakijui magogo matatu.

Kugeuza Hiace pale kulikuwa kazi ya kijiji kizima. Watu walitoka mashambani na majembe yao, wakakata ukingo, wakaweka mawe chini ya magurudumu, wakasukuma. Jua lilikuwa limepanda. Mama alifungua sanduku akakuta barafu imekuwa maji, na mukeke wanaelea.

Bibi aliteremka. Alimwendea mwanamke aliyekuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya kwanza, wakazungumza Kirundi, na baada ya muda mfupi mafiga matatu yalikuwa yanawaka uani. Tulipasua samaki, tukawapaka chumvi na ndimu zilizokuwa kwenye mizigo, tukawabanika wote. Harufu ilishuka bondeni. Wale walioshika majembe walikula kwanza, na mwenye nyumba akabakiziwa samaki wawili wakubwa wa watoto wake. Yeye naye alitupa majani ya mgomba kufungia waliobaki, na kikapu cha viazi ambacho Bibi alikikataa mara mbili kabla ya kukipokea. Sijawahi kuona posa ikianza vizuri hivyo, na mpaka leo ninaamini ilianzia pale.

Tuliteremka tena mpaka mjini, tukaongeza ile bidoni tangini, tukapita Musaga na kupanda Ijenda. Huko Mugamba ni baridi, ukungu unakaa juu ya chai na malisho ya ng'ombe, na watoto walijifunika kanga zote tulizokuwa nazo. Baba Mdogo hakuifunga laptopu. Aliizima sauti, akaiacha irekodi kila mita tuliyopita, Mwaro hadi Gitega. Tulifika alasiri imekwenda. Wazee wa upande wa pili walikuwa bado wamevaa mavazi ya shughuli. Bibi alieleza habari ya barabara, ya udongo, ya kijito, ya mwanamke wa mlimani, kisha majani ya mgomba yakafunguliwa mbele yao. Posa ikapokewa siku hiyohiyo.

Binamu aliitoa ile diski kwenye mashine wiki hiyo. Aliweka programu huria na data ya OpenStreetMap, ramani ambayo Mwingereza Steve Coast aliianzisha mwaka 2004 ili mtu yeyote aweze kuichora na kuirekebisha. Kwa rekodi ya kipokezi alihakiki njia ya Ijenda na Mwaro, na pale kwenye kijito akaweka daraja la waendao kwa miguu na la baiskeli, gari lisipite. Jioni nyingine alikaa na Bibi avenyu kwa avenyu. Bibi hasomi skrini, lakini anajua msikiti uko upande gani, kisima cha zamani kilikuwa wapi, na kipi kati ya vivuko vya Ntahangwa kinaliwa na mto mvua zikizidi. Shangazi alitaka kujua soko kuu limeandikwaje. Halikuandikwa. Akamwomba Binamu aweke lile soko analouzia sasa, na akasimama nyuma yake mpaka jina likatokea.

Wakwe walipopiga simu kuuliza washuke kwa njia ipi siku ya ndoa, Bibi aliwaambia wasubiri kidogo. Alimwita Binamu afungue mashine, kisha akamtuma mtoto kwa dereva akaulize malori yanapita wapi leo. Majibu yote mawili yalipofika, alirudi kwenye simu. "Bugarama iko wazi," akasema. "Lakini tokeni kabla ya saa kumi na mbili, malori yasiwatangulie kwenye kona."