Gari Kwanza, Mpangaji Baadaye

Pale Spring Street, Los Angeles, yalisimama maghorofa yaliyojengwa zama za tramu: nguzo za mawe, dari za kujivunia, na juu kwenye orofa njiwa watupu. Ukitaka kuyageuza nyumba za kupanga, sheria ilikuwa na swali moja la dharura: magari yatalala wapi? Watu watalala wapi, hilo halikuwa na haraka.

Sasa jengo lililokalia kiwanja chote tangu enzi za babu utalichimbia maegesho wapi? Labda ulibomoe la jirani. Na wako waliobomoa! Mji ukawa kama kinywa cha mzee, jino hapa, pengo pale, na kila pengo lina mlinzi na tiketi zake.

Hesabu zenyewe zina vituko. Profesa Donald Shoup, aliyeandika kitabu kizima juu ya maegesho mwaka 2005, alikuta miji ya Marekani ikidai nafasi za magari kwa idadi ya watawa katika nyumba yao, na kwa galoni za maji kwenye bwawa la kuogelea. Maji nayo huja na gari, kumbe.

Mwaka 1999 Los Angeles ikalegeza kamba: jengo kuukuu la katikati ya mji likigeuzwa makazi, lisidaiwe maegesho mapya. Maelfu ya nyumba zikapatikana. Njiwa wakapewa notisi. Magari, maskini, yakaambiwa yajitafutie.