Namna ya Kuishi na "Run" Bila Kukimbizwa

Mpwa wangu alipoanza kidato cha kwanza, baada ya miaka saba ya kusoma karibu kila somo kwa Kiswahili, alipewa hadithi ya Kiingereza aieleze. Ndani yake mlikuwa na mtoto mgonjwa, na kitabu kilisema "her nose was running". Mpwa wangu alijua "nose" ni pua na "run" ni kukimbia. Akaandika: pua yake ilikuwa inakimbia. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Jioni akanifuata kibarazani, daftari kwapani. "Mjomba," akasema, "hata mimi nilijiuliza inakimbilia wapi."

Mwongozo huu ni wake, na ni wa kila aliyewahi kuchekwa kwa kosa la aina hiyo.

Vinavyohitajika: daftari moja, kalamu, kikombe cha chai na subira ya mvuvi.

Hatua ya 1: Mjue unayeshindana naye

Usilidharau neno "run" kwa kuwa lina herufi tatu. Kamusi kubwa ya Oxford inalipa "run", likiwa kitenzi tu, maana 645. Mmoja wa wahariri wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikaa nalo takriban miezi 9. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, bingwa alikuwa "set" lenye maana 430, lakini "run" limekuja kumpita. Kwa hiyo ukikwama kwenye maana ya tatu, kunywa chai yako kwa amani. Huna upungufu wowote wa akili. Umekutana na jitu.

Hatua ya 2: Sahau miguu

Kosa la mpwa wangu lilianzia miguuni. "Run" lilishaachana na miguu zamani. Linashika kitu chochote kinachokwenda mfululizo bila kukatika: maji ya mto, mchanga unaomwagika, mkataba ambao muda wake haujaisha. Mitambo na treni zilipokuja, Waingereza wakazipa neno hilo hilo, na kompyuta zilipofuata, programu nazo zikaingizwa humo.

Sisi kazi hizo tumezigawa. Mto unapita, maji yanatiririka, mashine inafanya kazi, kampuni inaendeshwa, kitenge kinachuja rangi, makamasi yanatoka. Mzigo ambao Mwingereza amembebesha punda mmoja, Mswahili ameupakia kwa punda kumi. Basi ukiliona "run", usiulize "nani anakimbia?" Uliza "ni nini hapa kinachoendelea?"

Hatua ya 3: Tazama limeongozana na nani

"Run" haliendi peke yake mara nyingi. Lina rafiki pembeni, naye ndiye mwenye siri. Likiwa na "out", kitu kimeisha: sukari imetuishia. Likiwa na "away", mtu ametoroka. Likiwa na "into", umekutana na mtu ghafla, labda sokoni. Likiwa na "over", umemgonga kwa gari. Ukimwambia mwenzako kwamba umekutana na mama yake, ukakosea rafiki huyo mmoja tu, utajikuta unaandika maelezo kituo cha polisi.

Jambo hili si geni kwetu, ila sisi hatuweki rafiki pembeni, tunabadili mkia. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana: shina ni moja, na kila mkia una habari yake. Humo humo tumempata mkimbizi, na kimbilio lake. Anayeweza kutofautisha kukimbia na kukimbilia bila kufikiri tayari anayo akili inayotakiwa hapa.

Hatua ya 4: Tafsiri tukio, acha neno

Funga kamusi kidogo, ufumbe macho. Mtoto yule mgonjwa amesimama mlangoni kwako. Bibi yako angesema nini? Angesema, "Hebu mfuteni mtoto kamasi." Hapo maana umeshaipata, kwa Kiswahili kisicho na mkwaruzo.

Fanya hivyo kwa kila sentensi. Anayetaka kuingia bungeni anagombea ubunge. Ugonjwa uliompata babu, baba na mwana umo kwenye ukoo. Homa imepanda. Basi limechelewa. Zote hizo Mwingereza anaweza kuzisema kwa "run". Kwenye daftari andika sentensi nzima, usiandike neno likiwa pekee. Neno pekee ni kama mtu uliyemwona kwa mgongo, jina lake hulijui.

Hatua ya 5: Kumbuka wa nyumbani kwako

Sisi tunaye "piga". Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, picha, kura, hodi, magoti, chafya na soga, na katika hayo yote hakuna anayeumia. Mfikirie mgeni aliyejifunza kwamba kupiga ni kuchapa, kisha jirani mwema anamwambia, "Usijali, nitakupigia kesho asubuhi."

Mgeni huyo akikosea tunafanya nini? Tunamsahihisha taratibu. Tunamsifu: "Unajitahidi sana, Kiswahili chako kizuri!" Hata akiweka ngeli juu chini, tunamkaribisha chakula. Heshima hiyo tunampa mgeni mzima mwenye miaka arobaini, halafu tunamnyima mtoto wetu wa miaka kumi na minne anayepapasa njia katika lugha isiyo ya mama yake. Hilo linaniuma, na naomba liishe. Mtoto aliyeandika kwamba pua inakimbia amefanya kazi halali: amechukua alichonacho akakitumia. Anayestahili wasiwasi ni yule aliyeacha ukurasa mweupe kwa kuogopa kuchekwa.

Jioni ile tulirudi kwenye ukurasa. Mpwa wangu akafuta, akaandika upya: makamasi yalikuwa yanamtoka. Kisha nikampa zoezi. Juu ya ukurasa mpya aandike "piga", na chini yake kila kitu ambacho watu wa nyumba hii wanakipiga. Mama yake alipotuita kula alikuwa ametimiza thelathini na moja, na akaomba tumsubiri kidogo. Alikuwa amekumbuka miayo.