Walinzi Wawili wa Geti Moja

Ukatibu wa kamati ya harusi hapa Dar es Salaam hauombwi. Unafika kikao cha kwanza umechelewa, viti vya nyuma vimejaa, unakaa karibu na meza kuu, na kwa bahati mbaya una kalamu mfukoni. Mtu anasema, "Basi katibu tumempata." Makofi. Harusi yenyewe ilikuwa ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, na mjomba mtu atakataaje? Nikajikuta natunza orodha ya wachangiaji 112: jina, simu, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Aliyemaliza nilimpaka kijani. Aliyetoa nusu, njano. Ambaye hajatoa hata senti, nyekundu. Kila Jumapili jioni niliisoma kikaoni kwa sauti, kuanzia namba 8, kwa sababu saba wa mwanzo ni kamati yenyewe na kamati haijisomi. Ni heshima tu.

Orodha ilikaa kwenye kompyuta yangu ya mpakato, juu ya skrini pale pale, maana mimi ni mtu wa kuweka kitu ninapokiona. Mwenyekiti aliwahi kuniuliza, "Katibu, bakapu ipo?" Nikamjibu, "Ipo," kwa sauti ya mtu anayejua bakapu ni nini.

Mkosi ulianzia steshenari. Nilipeleka flashi kuchapisha kadi za mchango. Sasa, ukitaka kujua magonjwa ya kompyuta yaliyopo mjini, usihangaike kwenda chuo kikuu. Nenda steshenari: pale ndani kuna kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na kutwa nzima inachomekwa flashi za wanafunzi, wachungaji, mawakili na wagombea udiwani, mmoja baada ya mwingine, bila hata kupanguswa. Flashi yangu iliingia na folda nne. Ikatoka na folda nne zenye kishale kidogo kwenye kona. Wenye uzoefu wanakijua kishale hicho. Folda za kweli zimefichwa, na unazoziona ni njia za mkato. Ukibofya moja unamwamsha kirusi aliyelala ndani.

Nilikuwa na antivairasi, ya leseni ya mwaka mmoja, na mwaka ulishapita. Kila asubuhi ilijitokeza pembeni mwa skrini na alama ya mshangao kunikumbusha kwamba niko hatarini, kwa lugha ile ile ya mtu wa bima. Nami niliifunga kama unavyomfukuza mbuzi wa jirani, kwa mkono, bila kumtazama. Lakini siku ya vishale niliogopa kweli. Nikaamua kuweka nyingine yenye nguvu zaidi. Kuitoa kwanza ile ya zamani? Sikuona sababu. Wizi ukizidi mtaani watu huongeza mlinzi, hawamfukuzi aliyepo.

Nikajiunga na bando la usiku, nikaanza kupakua. Saa tano kasorobo ufungaji ulikuwa umefika asilimia 61 na mstari wa kijani unasogea vizuri. Mke wangu akasema kutoka chumbani, "Mita inalia tangu asubuhi, baba." Nikamjibu naisikia. Na kweli nilikuwa naisikia, nimeizoea kama yule mbuzi. Kitu ambacho sikukiweka kwenye hesabu ni kwamba betri ya kompyuta yangu ilikufa siku nyingi, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Asilimia 67, giza.

Nilinunua umeme kwa simu, nikasimama mbele ya mita na tochi mdomoni, nikabofya tarakimu zile 20 za LUKU, nikakosea ya kumi na saba, nikaanza upya. Feni ikazunguka. Friji ikakohoa. Kompyuta nayo ikawaka, ikaleta vile vidoti vinavyozunguka, halafu skrini nzima ikawa bluu.

Bluu hiyo si ya bahari. Katikati yake kuna nukta mbili na mabano, uso uliolala ubavu ukiwa umenuna, na chini yake maelezo kwamba kompyuta yako imepata tatizo. Hiyo habari nilikuwa nayo. Baada ya nusu dakika ikajizima, ikajiwasha, vidoti vikazunguka, uso ukanuna tena. Nilikaa nayo mpaka saa nane usiku tukinuniana. Nilikumbuka enzi za Windows 7, ambapo ukigonga F8 wakati mashine inawaka unapewa njia ya kuingia kwa mlango wa nyuma. Nikaigonga F8 kama mtu anayemwamsha mwenye duka. Sikujua kwamba kuanzia Windows 8 mlango huo kwa kawaida umefungwa, maana mashine za sasa zinawaka haraka kiasi kwamba hazimsubiri mtu na kidole chake.

Asubuhi nikaandika kwenye kundi la kamati: "Ndugu wajumbe, kompyuta ya katibu imepata hitilafu. Orodha ya ahadi haipatikani kwa sasa."

Sijawahi kupewa pole kama siku ile. Watu ambao kwa wiki tatu walikuwa wanasoma ujumbe wangu bila kujibu waliibuka na viganja vya kuomba na mistari ya kutia moyo. "Pole sana Katibu, usijichoshe." "Afya kwanza." Mmoja alishauri tusiikimbize kwa fundi, mashine nyingine zinapona zenyewe zikipumzika. Kufika adhuhuri kumbukumbu za watu zilianza kubadilika. Shemeji yetu mmoja, ambaye siku ya kuahidi alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatamka 300,000 na kupigiwa vigelegele, sasa alikuwa na hakika kabisa kwamba alisema 50,000. Aliyeahidi kreti kumi za soda alikumbuka katoni ya maji. Na mzee mmoja wa heshima zake aliandika kwamba yeye alishamaliza, alimkabidhi katibu mkononi, "siku ile ya mvua."

Mwekahazina peke yake ndiye alikuwa na wasiwasi. Alinipigia mara nne. Mimi, nakiri, usiku wa pili nililala vizuri kuliko nilivyostahili.

Siku ya tatu nikaenda Kariakoo. Fundi wa kwanza aliiwasha, akauona uso, hakumaliza hata sekunde tano. "Bosi, hii ni ya kupiga Windows tu. Elfu ishirini, na Office nakuwekea humo humo."

Kupiga Windows ni panadoli ya mafundi wetu. Mashine nzito, piga Windows. Haina sauti, piga Windows. Nina hakika kuna mtu alishawahi kupeleka pasi.

"Na faili zangu?"

"Ziko D?"

"Ziko juu ya skrini."

Alinitazama kama daktari anavyowatazama ndugu wa mgonjwa koridoni. Vitu vya juu ya skrini, akanieleza, vinakaa C pamoja na Windows yenyewe, na akipiga anaisafisha C yote. "Hizo zinaondoka, bosi." Nikaifunga kompyuta, nikaikumbatia kwapani, nikashuka ngazi.

Wa pili nilielekezwa na kijana wa bodaboda. Alikuwa binti mdogo tu, ana kibanda chake maeneo ya Sinza, kati ya muuza chipsi na muuza vocha. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Hakuiwasha. Aliuliza kwanza, "Mara ya mwisho ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inajilinda," nikasema.

Akacheka mpaka muuza chipsi akageuka. Nikamsimulia yote, pamoja na mita. Aliposikia nilikuwa na antivairasi mbili, akatikisa kichwa. "Mzee, si mnasemaga wenyewe mafahali wawili hawakai zizi moja?"

Akanieleza huku akitafuta waya. Antivairasi haikai juu juu kama programu ya kuandikia barua. Inajipenyeza chini kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na sehemu zake huamka mapema sana mashine ikiwashwa, kabla hata hujaona jina lako. Kila faili likitaka kufunguka, linasimamishwa getini likaguliwe. Ukiweka mbili, geti ni moja na walinzi ni wawili, kila mmoja ametoka kampuni yake. Usiku wa manane huyu anamwona mtu mwenye rungu anazungukazunguka getini. Atamwita nani kama si mwizi? Tena mlinzi wa pili anakuja na mfuko wa picha za wahalifu ili awatambue, na wa kwanza akiupekua anaona nyuso za majambazi tupu. Mimi, juu ya hayo, nilimkatia umeme mlinzi wa pili akiwa mguu mmoja ndani mmoja nje. Windows kila ikiamka inamwita kazini, na anayeitika ni nusu mtu.

Nikajitetea. Nilimkumbusha Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, siku skrini zilipokuwa bluu dunia nzima, ndege zikakwama, hospitali na benki zikahangaika. Haikuwa kazi ya mhalifu yeyote. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilituma sasisho lenye kasoro, na Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5 zimeanguka. "Kwa hiyo si mimi tu," nikasema.

"Hao hawakuishiwa LUKU, mzee."

Lakini akaongeza kwamba dawa ya siku ile kwa mashine nyingi ilikuwa hii hii ya kwangu: kuingia hali salama, yaani ule mlango wa nyuma, na kufuta faili lenye matatizo, kwa mkono, moja baada ya nyingine. Akanipa na ya 2010, mwezi Aprili, ambapo sasisho la McAfee liliona faili halali la Windows XP linaloitwa svchost.exe, likadhani ni kirusi, likalikamata. Mashine zikabaki zinajiwasha na kujizima. Kidogo nikajisikia niko katika watu wa maana. Nikamwambia nilisoma kwamba mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walitengeneza kirusi wakaandika ndani yake anwani yao na namba za simu. Enzi hizo hata kirusi kilikuwa na kwao.

Kisha akatoa flashi. Nikaruka. "Hii ni safi, mzee," akasema, na kweli alikuwa ameitunza kwenye kifuko chake peke yake. Ndani ilikuwa na Ubuntu. Akaiambia kompyuta iamkie kwenye flashi badala ya diski yake, na mbele yangu skrini ikaja ya zambarau na rangi ya chungwa, tulivu, haina uso wowote. Walinzi wote wawili wamelala kwenye diski, hawana habari kwamba nyumba imefunguliwa kwa dirishani. Akaingia C, akatafuta jina langu, na orodha hiyo hapo: michango_MWISHO_kabisa_2. Akainakili pembeni kabla hajagusa kitu kingine. Hapo ndipo nilipotaka kumposea mmoja wa wapwa zangu.

Kuiponya Windows kulimchukua muda zaidi. Alichomoa waya mashine ikiwa katikati ya kuwaka, akachomeka, akachomoa tena, mara tatu. Nilidhani amekasirika. Kumbe Windows ikishindwa kuamka mfululizo inaleta yenyewe menyu ya matengenezo, na wakati mimi usiku ule niliisubiri kwa adabu, ilitakiwa kukatwa kauli. Kwenye hali salama alijaribu kuiondoa ile antivairasi mpya ikakataa, kwa sababu huduma ya Windows inayofunga na kufungua programu kwa kawaida haifanyi kazi kwenye hali hiyo. Akatafuta alama ya kurejesha mfumo, akaikuta, imewekwa kabla tu ya ufungaji kuanza. Dakika ishirini na tano, chipsi kavu sahani moja, na kompyuta ikaniita jina langu bila kununa.

Antivairasi ya zamani nayo aliing'oa, kwa programu maalumu ya kung'olea ambayo watengenezaji wake wenyewe huitoa. "Hawa hawatoki kwa kuambiwa tu." Nikauliza sasa nabaki na nani.

"Windows ina wa kwake humu ndani, anaitwa Defender. Wa bure. Akikuta mwingine kazini anajiweka pembeni."

Kumbe miaka yote hiyo.

"Tulifungue faili tuone kama ni zima," akasema, akalibofya kabla sijamwambia haina haja. Likafunguka, mistari yote 112, rangi zote. Akashuka mpaka chini, akapanda taratibu.

"Nyekundu ndiyo nini, mzee?"

"Hao hawajatoa kitu."

Akaendelea kupanda. Namba 8. Namba 5. Akafika juu kabisa, mstari wa kwanza, nilipojiandika mwenyewe siku ile ya makofi: Katibu, ahadi 200,000, alichotoa 0. Akautazama mstari, akanitazama mimi. Muuza vocha naye alikuwa ameshasogea. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni, nikajua ni mwekahazina, nikaiacha.

Nikamwuliza binti nadaiwa shilingi ngapi.

"Elfu thelathini," akasema. "Ila naomba taslimu, mzee wangu. Isiwe ahadi."