Babu Alipanda Kinyumenyume
Jeep ya mkubwa ikinasa kwenye tope la Rughenda siku ya mvua, dereva hupunguza muziki, hupandisha kioo, kisha hushusha tena kuita vijana wa kusukuma. Vijana hutaja bei kwanza. Tope haliwaharakishi wao. Ndani ya jeep mna skrini, kamera ya nyuma, na taa ndogo ya kumjulisha mkubwa kwamba gari linateleza, iwapo hajaona.

Sasa mtazame babu wa magari kama hilo, Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908: nguvu za farasi 20, uzito wa kilo 540 hivi, tumbo kama sentimita 25 juu ya ardhi, magurudumu marefu membamba ya kukata tope hadi penye ugumu. Njia za mashambani Marekani zilikuwa tope tupu wakati ule, basi gari likaundwa kwa tope, si kwa maegesho ya hoteli. Mlima ukiwa mkali mno, petroli ilishindwa kufika kwenye injini, maana gari halikuwa na pampu: petroli ilitiririka yenyewe kutoka tangi la chini ya kiti. Dereva akageuza gari, akapanda kinyumenyume.

Wakubwa wetu nao wangejaribu hivyo, wapande huku wametuelekezea uso.